Kanuni za Usalama Kazini na Fundi Mdogo wa Mbaha



Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu ili niseme neno juu ya jambo ambalo sisi makarani tumezoea kulipitisha mezani bila kulitazama usoni. Jambo hilo ni kanuni za usalama na afya mahali pa kazi, na jinsi zinavyowaangukia wenye biashara ndogo katika nchi yetu, hasa huku ufukoni mwa Ziwa Nyasa ninakoishi na kufanya kazi.

Kila mapendekezo ya kanuni mpya yanapotajwa, husikika sauti mbili. Sauti ya kwanza yasema: "Sheria ni moja kwa wote, asiyeweza kuitii na afunge mlango." Sauti ya pili yajibu: "Wadogo waachwe kabisa, mzigo huu hawauwezi." Wenye sauti hizi hubishana kana kwamba ni maadui. Mimi nasema ni ndugu wa baba mmoja, maana wote wawili wanajadili karatasi, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kutazama mkanda wa mashine. Basi twende tukautazame kwanza, ndipo tuhukumu.

Mbaha ni kijiji cha ufukoni katika Wilaya ya Nyasa, ambayo ilikatwa kutoka Wilaya ya Mbinga na kusimama peke yake mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay. Huku hatuamshwi na king'ora cha kiwanda. Lakini asidhani mtu kwamba kwa sababu hiyo hatuna kazi za hatari. Watu wa ufukoni hula muhogo na samaki, na muhogo hausagiki kwa mdomo. Katika kijiji kama hiki utaikuta mashine ya kusaga ndani ya kibanda cha matofali, injini upande mmoja, kinu upande wa pili, na katikati mkanda mrefu unaokimbia wazi, mahali pa kifua cha mtoto. Akina mama husimama karibu na ndoo zao wakingoja zamu, watoto migongoni, ncha za kanga zikipeperuka. Kijana anayeendesha mashine, mweupe kwa unga toka nywele hata kope, humimina muhogo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili husukuma mkanda unapoteleza. Siku atakapoteleza yeye, mkanda hautamngoja.

Hatua chache mbele utamkuta fundi wa kuchomea vyuma. Macho yake ameyafunika kwa miwani ya jua iliyonunuliwa mnadani. Mwanga wa kuchomea haujali miwani ile hata kidogo. Hupita, na usiku fundi hulala akiona kama mchanga umemwagwa ndani ya macho. Karibu naye yuko kijana auzaye petroli katika chupa za maji ya kunywa, na jiko la mama ntilie laonekana hapo hapo. Mseremala naye ana msumeno wa umeme, na kinga ya meno yake imeondolewa kwa sababu, asema, yachelewesha kazi. Na jua likizama, wavuvi wa usipa huingia ziwani na taa zao, wengine bila jaketi la kuokolea, katika miezi ambayo upepo wa mwera waweza kuinuka bila kubisha hodi.

Nimezitaja kazi hizi moja moja kwa sababu wanenao habari za "biashara ndogo" hunena kana kwamba udogo wa mtaji ni udogo wa hatari. La, hasha! Ziwa halimwulizi mtu mtaji wake. Mwezi Julai mwaka 1946 meli Vipya, iliyokuwa mpya na kubwa, ilipinduka katika ziwa hili hili upande wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, wakafa watu 145. Upepo ulioipindua meli ile ni ndugu wa upepo unaoupindua mtumbwi wa watu wawili. Tofauti ni kwamba meli huandikwa katika historia, na mtumbwi huandikwa katika mioyo ya wajane.

Sasa tuitazame sheria, maana si haki kuilaumu bila kuisoma. Wakati wa utawala wa Waingereza ilitungwa Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Kama jina lake linavyosema, sheria ile iliangalia viwanda. Mtu wa shambani, wa dukani, na wa ofisini alibaki nje ya mlango. Nusu karne baadaye Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, ikaifuta ile ya kale na kuufungua mlango upana wake, ili karibu kila mahali pa kazi paingie. Mkaguzi mkuu na watu wake wako katika Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ujulikanao kwa jina la OSHA, uliokuwa umeanzishwa mwaka 2001. Mimi naisifu nia ya sheria hiyo. Kusema kwamba uhai wa mpanda kahawa wa Umatengo na uhai wa mtu wa kiwandani Dar es Salaam una thamani moja ni neno la haki. Na mwezi Juni mwaka 2022 mataifa yaliyokutana Geneva katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani yaliliweka neno hilo miongoni mwa haki za msingi za mfanya kazi, pamoja na haki ya kuunda chama na haki ya kutofanyishwa kazi kwa nguvu. Basi asije mtu akatuambia kwamba usalama ni anasa ya matajiri.

Walakini mlango ulipofunguliwa upana wake, aliyeingia kwanza hakuwa ulinzi. Zilitangulia karatasi.

Hesabuni nami. Mwenye mashine ya kusaga aliyeajiri vijana watatu hutakiwa kuandikisha mahali pake pa kazi kwa mkaguzi mkuu. Hutakiwa kuwapima afya watu wake wakati wa kuajiriwa, kisha kila baada ya muda, na tena wanapoondoka. Mitambo yake ina ukaguzi wake, na umeme wake una ukaguzi wake. Huyo ni bwana mmoja tu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina cheti chake. Halmashauri ina leseni yake ya biashara. Mamlaka ya Mapato ina hesabu zake. Wakala wa Vipimo hutazama mizani yake. Shirika la Viwango hutazama unga wake kama autia katika mifuko ya kuuza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria namba 20 ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango Julai 2015, hungoja mchango wake. Kila mmoja wa mabwana hao ana sababu njema, na ukimsikiliza peke yake utamkubali. Lakini fundi wetu hawasikilizi mmoja mmoja. Huwasikia wote pamoja, kama mtu aliyeingia katika ngoma saba zinazopigwa usiku mmoja.

Tena kiwanda kikubwa kina karani wa kazi hiyo, pengine ofisa mzima wa usalama mwenye meza na simu. Mwenye mashine ya Mbaha ndiye mwenye mali, ndiye mshika fedha, ndiye fundi wa injini, ndiye mfagia sakafu. Akifunga safari ya kwenda Mbamba Bay, au Mbinga, au Songea kufuata muhuri, mashine husimama, na muhogo wa kijiji husimama pamoja nayo. Tufanye hesabu ya mfano, kama tulivyofundishwa shuleni. Tuseme cheti kimoja kina bei ya shilingi 200,000 kwa kila mahali pa kazi. Mwenye watu 200 amelipa shilingi 1,000 kwa kila mtu. Mwenye watu watatu amelipa zaidi ya shilingi 66,000 kwa kila mtu. Hapo husemwa kwamba sheria ni moja kwa wote! Ni moja kwa maandishi, lakini kwenye mizani ni sitini na sita kwa moja.

Na baada ya karatasi zote hizo, ndugu zangu, mkanda umefunikwa? Hilo ndilo swali langu, na sitaliacha. Fundi akipata shilingi zake chache na kulazimika kuchagua kati ya kununua muhuri na kununua wavu wa kufunikia mkanda, atanunua muhuri. Hana ujinga. Anajua kwamba muhuri utaulizwa, wala mkanda hautaulizwa. Basi kanuni iliyotungwa ili kulinda mkono wa kijana imechukua fedha ambazo zingeulinda mkono huo. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wetu waelekea kukata kidole cha yule yule uliyemkusudia wema.

Sasa nawageukia wenye sauti ya pili, wale wasemao wadogo waachwe. Najua watafurahi kwa maneno niliyosema hata sasa. Wasifurahi mapema.

Mwezi Januari mwaka 2024, huko Bariadi katika mkoa wa Simiyu, kifusi cha mgodi kiliwafukia wachimbaji wadogo, wakafa watu 22. Mwezi Novemba mwaka huo huo jengo liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, kukiwa na wachuuzi, wateja na wenye maduka ndani yake, wakafa watu zaidi ya 20. Waliokufa katika misiba hiyo walikuwa nani? Walikuwa ndio hao hao "wadogo" ambao mnataka sheria iwaache. Kumwacha mdogo nje ya ulinzi ni kumwambia, "Wewe maskini, kufa kwako hakuna gharama kwa taifa." Tena ndani ya biashara ndogo wamo walio wadogo zaidi kuliko mwenye biashara. Kijana wa mashine si mwenye mashine. Mwanafunzi wa ufundi, ambaye hulipwa chakula cha mchana na ahadi, si mwenye karakana. Mkisema biashara ndogo iachiliwe, mmemwachilia mwenye mali, na kijana mmemwacha pale pale penye mkanda.

Wala hoja ya gharama si mpya, na historia yake haipendezi. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1844 iliamuru mihimili na mashine za viwanda vya nguo zizungushiwe vizuizi, maana wanawake na watoto walikuwa wakinaswa nguo na nywele. Mwaka 1855 wenye viwanda wakaunda chama cha kuipinga amri hiyo, wakilia kwamba gharama itawafilisi. Katika gazeti la mwandishi Charles Dickens wakapewa jina la dhihaka, kikaitwa chama cha kuwakatakata wafanya kazi. Viwanda vya Uingereza havikufa kwa sababu ya vizuizi. Basi yafaa tuangalie sana ni nani apigaye kelele kwamba "wadogo wataumia". Mara nyingi utakuta ni mkubwa aliyejificha nyuma ya mgongo wa mdogo, ili ule msamaha ukitoka, apite nao yeye.

Na wenye sauti ya kwanza nao wasome historia hiyo hiyo. Mwaka 1802 Waingereza walitunga sheria ya kuwalinda watoto waliofunzwa kazi katika viwanda vya pamba. Ilikuwa sheria njema. Lakini usimamizi wake ulikabidhiwa watu wasiolipwa, walioteuliwa na mahakimu wa pale pale, na viwanda vingi vikaishi kana kwamba sheria haipo. Mwaka 1833 ndipo walipoweka wakaguzi wa kulipwa, nao walikuwa wanne tu kwa nchi nzima. Nchi iliyokuwa tajiri kuliko zote duniani ilianza na macho manane! Mafunzo yake ni mawili. Sheria isiyo na macho ni barua isiyo na anwani. Na macho yakiwa machache, hayana budi kuchagua pa kutazama. Yakitumwa kutazama risiti, hayatauona mkanda.

Tena asituambie mtu kwamba mizani hii haiwezi kurekebishwa, maana Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba yawezekana. Mwaka 2018 ulitolewa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule uitwao Blueprint, na katika kuufuata mpango huo ada kadhaa za OSHA zilifutwa, miongoni mwao ada ya kuandikisha mahali pa kazi na ada ya kila mwaka ya leseni. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa waajiri binafsi, ulioanza kwa asilimia 1 ya mishahara, umeshushwa hata ukawa asilimia 0.5. Mbingu hazikuanguka. Nayo Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 ilikwisha kuwapanga watu kwa ngazi: mwenye watu mmoja hadi wanne, na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, yuko ngazi ya chini kabisa, mwenye watu 5 hadi 49 yuko ngazi ya biashara ndogo. Ngazi zipo zimesimama. Kinachotakiwa ni kanuni kuzipanda badala ya kuruka moja kwa moja hata paani.

Sasa, ndugu makarani, nafika mahali penyewe nilipokusudia. Kanuni haina miguu. Hutembea kwa miguu yetu. Mtunga sheria yuko Dodoma, na fundi yuko Mbaha, na katikati tuko sisi na kalamu zetu. Sisi ndio tuandikao barua za kudai. Sisi ndio tupokeao fomu na kuzirudisha kwa kukosa nukta. Sisi ndio tutengenezao taarifa za robo mwaka. Na katika taarifa hizo huwa tunahesabu nini? Mara nyingi twahesabu mahali palipoandikishwa, vyeti vilivyotolewa, faini zilizotozwa, na fedha zilizokusanywa. Hesabu hizo ni rahisi, na mkubwa wa ofisi huzipenda. Lakini safu ya mikanda iliyofunikwa i wapi? Safu ya macho yaliyopata miwani ya kweli i wapi? Safu ya vijana waliokatika vidole mwaka huu, ambao hawakuandikwa popote kwa kuwa hawakuwa na barua ya kazi, i wapi? Tunachohesabu ndicho tunachokitumikia. Ofisi ihesabuyo fedha itakuwa ofisi ya fedha, hata kama mlangoni pameandikwa Usalama.

Hatari nyingine iko, nayo yafaa isemwe waziwazi baina yetu. Kanuni nyingi zisizoweza kutiiwa ni bustani ya rushwa. Mtu aliyewekewa masharti kumi na kuweza matano tu, daima ana makosa matano mfukoni mwake, na kila afikaye na daftari anaweza kuyachungulia. Fundi huyo hajui tena kama ametii au hakutii. Ajua tu kama mgeni wa leo ametulizwa au hakutulizwa. Hapo heshima ya kazi yetu yaharibika. Mtumishi mwaminifu na mtumishi mwizi huonekana sawa machoni pa kijiji, maana wote wawili huja na karatasi zile zile. Kwa hiyo kanuni nyepesi inayotiiwa si fadhili kwa wafanya biashara peke yao. Ni ngao ya karani mwaminifu.

Kwa kuwa chama chetu hakikuundwa kwa kunung'unika tu, naweka mbele ya wanachama mapendekezo yafuatayo, ili yazungumzwe katika matawi, na yakikubaliwa yapelekwe kwa wakubwa wanaohusika kila mara kanuni mpya zinapopendekezwa.

Kwanza, kanuni ipimwe kwa hatari. Penye mkanda unaozunguka, moto, umeme, shimo au maji makuu, sharti la ulinzi liwe lile lile kwa mkubwa na mdogo, bila msamaha. Pasipo na mambo hayo, kama vile duka la chumvi na sabuni, masharti yawe machache kabisa.

Pili, karatasi zipimwe kwa ukubwa wa biashara. Mwenye watu wanne na kushuka aandikishwe mara moja, kwa ukurasa mmoja, katika ofisi ya kata yake, na ukurasa huo utoshe kwa idara zote. Sisi makarani ndio tuzigawe nakala. Si kazi ya fundi kuwa tarishi wa Serikali.

Tatu, kila kanuni itoke kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi hii. Basi mtu asiadhibiwe kwa neno asilolielewa. Nayo maelezo ya mashine ya kusaga yawe na picha, yabandikwe ukutani pale pale penye mashine, ili hata mama aliyeleta muhogo aweze kusema, "Kijana, hapa pamekosekana kinga."

Nne, mafundisho yatangulie faini. Mkaguzi akikuta kasoro, aionyeshe, aeleze dawa yake, aandike siku za kutengeneza, kisha arudi. Lakini akikuta jambo liwezalo kuua leo, alisimamishe leo hii, hata kama mwenye mashine ni mjomba wake.

Tano, watumishi walioko karibu wafunzwe. Wakaguzi wenye elimu kamili ni wachache na makao yao ni mijini, lakini bwana afya na mtendaji wa kata wamo humu humu. Hawataweza kupima mitungi ya hewa ya mgandamizo, na hiyo waachiwe wataalamu. Kuutazama mkanda kama umefunikwa au haukufunikwa wataweza. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lingeweza kutoa mfano wa kinga ya bei ndogo ambao mseremala yeyote wa kijijini ataweza kuuiga kwa mbao na wavu wa waya.

Sita, mwanafunzi wa ufundi na kibarua waandikwe. Mchango wa fidia hukatwa kutoka orodha ya mishahara, na kijana alipwaye kwa debe la unga hana orodha. Itafutwe njia nyepesi ya kumwingiza, hata kwa kiasi kimoja kidogo kwa mwaka, ili siku ya ajali asipelekwe kwao na pole peke yake.

Saba, taarifa zetu zibadilike. Safu ya kwanza iwe ya hatari zilizoondolewa, ya pili iwe ya ajali zilizotokea, na safu ya fedha iwe ya mwisho.

Najua yuko atakayesema kwamba haya yatapunguza mapato ya ofisi. Namwuliza: mkono wa kijana wa miaka 19 uliokatika, ambao hautalima, hautavua, wala hautasaga, umepunguza mapato ya taifa kwa miaka mingapi? Mwingine atasema kwamba mafundi wetu ni wakaidi, kwamba mseremala hupewa kinga ya msumeno akaitupa mwenyewe. Ni kweli wako wa namna hiyo. Huyo na aadhibiwe bila huruma, maana amefundishwa akakataa. Lakini nani aliyemfundisha yule mwingine? Hatuwezi kumwadhibu mtu kwa kusahau somo ambalo hatukumpa.

Wanachama wenzangu, tusijidanganye kwamba jambo hili ni la wafanya biashara na wakaguzi, na sisi ni watazamaji. Unga tulao umepita katika mashine hiyo. Kiti nikaliacho ninapoandika haya kimepita katika msumeno huo. Kijana aliye kwenye mkanda huenda ni mpwa wa mmoja wetu, aliyekosa nafasi ya shule akaenda kutafuta riziki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu wazibika kwa mbao chache, misumari, wavu wa waya, na karani mmoja aliyekubali kuandika barua kwa maneno yanayoeleweka.

Kwa hiyo kanuni mpya zikipendekezwa, tusiseme "na zipite" wala tusiseme "na zitupwe". Tuulize swali moja tu, na tusiliachie mpaka lijibiwe: hii yafunika mkanda, au yafunika meza?

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA UFUKONI,
Mbaha, Ziwa Nyasa.